Mstari Mnyoofu katika Lugha Yetu: Somo la Kuchora Grafu ya Mlinganyo

1.0 Utangulizi

Katika makongamano na mijadala ya wanafunzi wa Kiswahili, kauli moja hurudiwa mara kwa mara: kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi na hisabati. Kauli hiyo hupigiwa makofi, msemaji huketi, na somo lenyewe halifundishwi. Anayeipinga hubaki na swali lake: "Mbona basi hatujaona?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa hotuba nyingine. Hujibiwa kwa somo.

Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967. Watoto wa huko hujumlisha, hugawanya na kuchora kwa Kiswahili bila kuona ajabu. Hapa Kenya hali ni tofauti. Mwanafunzi anapoingia madarasa ya juu ya shule ya msingi, hisabati humfikia kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki kuwa somo miongoni mwa masomo. Ni kweli kwamba Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 iliitambua lugha hii kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi ya kikatiba haiandiki mlinganyo ubaoni. Kazi hiyo ni ya watu, na wengi wetu tuliochagua Kiswahili chuoni tuliiaga hisabati baada ya Kidato cha Nne tukishukuru kwamba safari imekwisha.

Makala haya yananuia kufundisha jambo moja la hisabati kwa ukamilifu: namna ya kuchora grafu ya mlinganyo wa mstari mnyoofu, na namna ya kuisoma grafu hiyo baada ya kuichora. Msomaji anaombwa awe na penseli, rula na karatasi ya miraba. Makala haya hayakuandikwa ili yasomwe tu. Yaliandikwa ili yafanyiwe kazi.

2.0 Istilahi za Msingi

Vitabu vya hisabati vya Kiswahili havitumii istilahi zilezile siku zote. Zifuatazo ndizo tutakazozitumia hapa, na tutazishikilia kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu istilahi inayobadilika katikati ya somo humpoteza mwanafunzi kuliko istilahi ngeni.

Mlinganyo. Neno hili limenyambuliwa kutoka kitenzi lingana. Ni kauli inayosema kwamba kilicho upande mmoja wa alama ya = kinalingana na kilicho upande wa pili. Kwa mfano, y = 2x − 3 ni mlinganyo.

Kibadilika. Ni herufi inayosimama mahali pa namba ambayo inaweza kubadilika. Katika mlinganyo wetu, x na y ni vibadilika. Namba 3 haibadiliki. Hiyo ni kisobadilika.

Bapa. Upanga una makali na una bapa, yaani ule upande wake mpana uliolala sawa. Katika hisabati, bapa ni uso ulio sawa, usio na mwisho kwa pande zake zote. Karatasi yako ni kipande kidogo tu cha bapa.

Mhimili. Mhimili ni kinachohimili kingine. Juu ya bapa tunachora mistari miwili inayokatana kwa pembe ya nyuzi 90. Ulio mlalo ni mhimili wa x. Ulio wima ni mhimili wa y. Kila kitu kingine juu ya bapa hushikiliwa na mihimili hiyo miwili. Mahali inapokatana panaitwa asili, na hapo namba zote mbili ni sifuri.

Majiranukta. Mabaharia wetu waliita mwelekeo wa chombo majira. Nahodha aliyepoteza majira alipoteza njia. Majiranukta ni jozi ya namba zinazotuelekeza penye nukta. Tukiandika (3, 2), tunaagiza hivi: anzia kwenye asili, nenda hatua 3 kulia, kisha hatua 2 juu. Namba ya kwanza daima ni ya x na ya pili daima ni ya y. Kulia na juu ni chanya. Kushoto na chini ni hasi. Kwa hiyo (−3, −2) iko kushoto na chini ya asili.

Wazo la kuunganisha aljebra na michoro kwa namna hii lina historia. Neno aljebra lenyewe linatokana na al-jabr, neno la Kiarabu lililomo katika anwani ya kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kazi yake La Géométrie, iliyoonyesha kwamba umbo linaweza kuelezwa kwa mlinganyo. Mwenzake Pierre de Fermat alifikia wazo hilohilo katika enzi hiyohiyo. Nasi katika Kiswahili tumepokea urithi huo kwa njia zetu: hisabati, sifuri na nusu ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, nayo mlinganyo na mwinamo tumeyaunda kwa vitenzi vyetu wenyewe.

3.0 Hatua za Kuchora

Mwanafunzi wa sarufi ana bahati katika somo hili, kwani tayari anaujua upatanisho. Tukisema mti, kitenzi hudai umeanguka. Tukisema miti, hudai imeanguka. Msemaji yu huru kuchagua nomino, lakini akishaichagua hana uhuru tena juu ya kiambishi. Mlinganyo wenye vibadilika viwili hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Tuko huru kuchagua x. Tukishaichagua, mlinganyo hutuamulia y.

Tuchukue y = 2x − 3.

Hatua ya kwanza: Tengeneza jedwali. Chagua thamani chache za x, zikiwemo za hasi na sifuri, kisha utafute y ya kila moja.

x = −1: y = 2(−1) − 3 = −5
x = 0: y = 2(0) − 3 = −3
x = 1: y = 2(1) − 3 = −1
x = 2: y = 2(2) − 3 = 1
x = 3: y = 2(3) − 3 = 3

Hatua ya pili: Chora mihimili. Andika namba kwenye kila mhimili kwa nafasi zilizo sawa. Kama mraba mmoja ni 1, basi uwe 1 kote katika mhimili huo.

Hatua ya tatu: Tia nukta. Jedwali limetupa (−1, −5), (0, −3), (1, −1), (2, 1) na (3, 3). Tia kila moja mahali pake kwa alama ndogo ya msalaba.

Hatua ya nne: Weka rula. Nukta zote tano zitakaa kwenye ukingo wa rula. Chora mstari uupite mwanzo na mwisho wa nukta zako, kwa kuwa mstari huu hauna mwisho.

Hapa wengi wetu shuleni tuliweka kalamu chini na kungoja alama ya mwalimu. Hatukuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: kwa nini nukta hizo zimejipanga mstari mmoja? Tazama safu ya y katika jedwali: −5, −3, −1, 1, 3. Kila x inapoongezeka kwa 1, y huongezeka kwa 2, wala haijali tumefika wapi. Hatua ni ileile siku zote, na anayepiga hatua ileile, upande uleule, hawezi kukunja kona. Linganisha na y = x², ambapo x ikiwa 0, 1, 2, 3, y huwa 0, 1, 4, 9. Hatua zake ni 1, kisha 3, kisha 5. Hatua zimebadilika, na kwa hiyo mchoro wake hupinda.

Swali la pili: mstari huo ni kitu gani hasa? Si pambo la kuunganisha nukta tano. Mstari ni mkusanyiko wa jozi zote za namba zinazoutii mlinganyo, hata zile ambazo hatukuziandika. Weka kidole mahali popote juu ya mstari, tuseme penye (2.5, 2). Jaribu: 2 × 2.5 − 3 = 2. Inatii. Sasa chukua (2, 2), ambayo haiko kwenye mstari: 2 × 2 − 3 = 1, wala si 2. Haitii. Kila nukta iliyo juu ya mstari ni jawabu la mlinganyo, na kila jawabu la mlinganyo ni nukta iliyo juu ya mstari. Aliyelishika hilo ameushika moyo wa somo; yaliyosalia ni matumizi.

4.0 Mwinamo na Mkato

Milinganyo ya mistari mnyoofu isiyo wima huweza kuandikwa hivi: y = mx + c. Kwa bahati njema, herufi m ndiyo inayoanza neno mwinamo. Mwinamo ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x baina ya nukta zozote mbili za mstari. Katika mfano wetu, kutoka (0, −3) hadi (3, 3), y imeongezeka kwa 6 na x kwa 3; basi mwinamo ni 6 ÷ 3 = 2. Ukichagua nukta nyingine mbili utapata 2 vilevile.

Wako wanaopendelea istilahi mteremko. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba inaleta utata, kwa sababu kuteremka ni kwenda chini, ilhali mstari wenye m chanya hupanda tunapoufuata kutoka kushoto kwenda kulia. Mwinamo hauchagui upande. Husema tu kwamba mstari umeinama, na kiasi gani.

Nayo c huonyesha mkato, yaani mahali mstari unapoukata mhimili wa y. Tukiweka x = 0, kinachosalia ni y = c. Mstari wetu unaukata mhimili huo penye −3.

Mwinamo waweza kuwa hasi. Fikiria tangi la bwenini lenye lita 1,000 za maji, ambalo hutumika lita 50 kila siku wala halijazwi. Baada ya siku x, maji yaliyomo ni y = 1,000 − 50x. Mkato ni 1,000, yaani tulichoanza nacho. Mwinamo ni −50, yaani tunachopoteza kila siku. Mstari huu hushuka na kuukata mhimili wa x penye (20, 0): siku ya 20 tangi ni kavu. Aliyeuchora mstari huo siku ya kwanza hashangai siku ya 20.

5.0 Mlinganyo Uliomo katika Saa ya Mswahili

Kuna mlinganyo mmoja ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili huutatua kila siku bila kujua. Tunasema saa tatu asubuhi wakati mshale wa saa uko kwenye 9. Tunasema saa kumi jioni ilhali ratiba iliyoandikwa kwa mtindo wa saa 24 husema 16. Hesabu yetu huanza mapambazuko, na karibu na Ikweta mapambazuko hayahamihami sana mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu hiyo haituhangaishi.

Tuite x saa kwa hesabu ya Kiswahili mchana, na y saa kwa mtindo wa saa 24. Jozi zetu ni (1, 7), (3, 9), (6, 12) na (10, 16). Mlinganyo ni y = x + 6. Mwinamo ni 1, kwa sababu saa moja yetu ni saa moja yao. Urefu wa saa haubishaniwi. Mkato ni 6, nao ndio tofauti yote: sifuri yetu, mwanzo wa mchana, ni 6 yao.

Sasa tuje usiku. Saa moja usiku ni 19, saa tatu usiku ni 21, saa tano usiku ni 23. Mlinganyo ni y = x + 18, hadi saa sita usiku, ambapo siku ya saa 24 inaisha na hesabu yao inaanza upya. Chora mistari yote miwili katika bapa moja. Miinamo yao ni sawa, mikato yao ni tofauti. Mistari ya namna hiyo huitwa sambamba, nayo haikutani hata ikirefushwa vipi. Aljebra inakubaliana na mchoro: tukidai x + 6 = x + 18, tunabaki na 6 = 18, jambo lisilowezekana. Ndiyo maana msemaji hulazimika kutaja asubuhi au usiku. Saa tatu ya mchana na saa tatu ya usiku zinaitwa jina moja, lakini ziko kwenye mistari miwili isiyokutana.

6.0 Mistari Inapokutana

Mistari isiyo na mwinamo sawa hukutana mara moja tu, na mahali inapokutana huwa na habari. Tuchukue mfano unaotuhusu. Chama cha wanafunzi kinataka kuchapisha jarida. Matbaa ya kwanza inatoza shilingi 6,000 za matayarisho na shilingi 80 kwa kila nakala. Matbaa ya pili inatoza shilingi 2,000 za matayarisho na shilingi 120 kwa kila nakala. Mkutanoni wengine wanasema ya pili ni nafuu kwa kuwa inaanza na 2,000; wengine wanasema ya kwanza ni nafuu kwa kuwa nakala ni 80. Kelele zinapanda, na pande zote mbili zina ukweli.

Milinganyo ndiyo hii:

Matbaa ya kwanza: y = 80x + 6,000
Matbaa ya pili: y = 120x + 2,000

Katika kuchora, usitumie mraba mmoja kwa shilingi moja, karatasi haitatosha. Acha kila mraba wa mlalo uwe nakala 10, na kila mraba wa wima uwe shilingi 1,000. Mihimili miwili inaruhusiwa kuwa na vipimo tofauti, mradi kila mmoja usibadilike ndani yake. Kwa matbaa ya kwanza tia (0, 6,000) na (150, 18,000). Kwa ya pili tia (0, 2,000) na (150, 20,000). Mistari inakatana penye (100, 14,000). Hakikisha kwa aljebra: 80x + 6,000 = 120x + 2,000; basi 4,000 = 40x, na x = 100.

Grafu sasa inauamua mjadala. Chini ya nakala 100, mstari wa matbaa ya pili uko chini, yaani ni nafuu. Zaidi ya nakala 100, mistari imepishana na matbaa ya kwanza ndiyo nafuu. Tuseme mweka hazina ana shilingi 16,000. Matbaa ya kwanza itampa nakala 125. Ya pili itampa 116, na shilingi za baki zisizotosha nakala nyingine. Tofauti ni nakala 9, yaani wasomaji tisa watakaopata jarida au kulikosa kwa sababu ya mstari uliochorwa au usiochorwa.

Kumbuka pia kwamba mstari juu ya karatasi huendelea hadi upande wa hasi, lakini hakuna anayechapisha nakala −20 wala nusu nakala. Hisabati hutupa mstari mzima. Ni juu yetu kujua ni sehemu gani ya mstari iliyo na maana katika maisha.

7.0 Makosa ya Kawaida

Kosa la kwanza ni kugeuza jozi, mtu akaenda 2 kulia na 3 juu alipoambiwa (3, 2). Kosa la pili ni kuzembea alama ya hasi: 2(−1) − 3 ni −5, wala si −1. Kosa la tatu ni kubadilisha kipimo katikati ya mhimili, jambo linaloupinda mstari usio na kosa. La nne ni kuridhika na nukta mbili. Ni kweli nukta mbili zatosha kuchora mstari, lakini hazitoshi kugundua kosa. Nukta ya tatu ni shahidi: ikikataa kukaa kwenye rula, rudi kwenye jedwali.

8.0 Zoezi

(a) Chora y = 3x − 6. Mstari unaikata mihimili wapi?
(b) Je, nukta (4, 7) iko kwenye mstari y = 2x − 3?
(c) Chora y = x + 1 na y = −x + 5 katika bapa moja. Zinakutana wapi?
(d) Joto la Selsiasi (C) hugeuzwa kuwa la Farenhaiti (F) kwa mlinganyo F = 1.8C + 32. Ni joto gani ambalo vipimo vyote viwili husoma namba moja?

Majibu: (a) (0, −6) na (2, 0). (b) Hapana, x ikiwa 4, y ni 5. (c) (2, 3). (d) −40.

9.0 Hitimisho

Tumechora, tumesoma mwinamo na mkato, tumeona mistari isiyokutana na inayokutana, na hatukulazimika kuiacha lugha yetu njiani. Hatudai kwamba kila istilahi iliyotumika hapa ndiyo itakayodumu. Lugha haiamuliwi na makala moja, na msomaji mwenye istilahi bora aitoe hadharani tuitumie. Tunachodai ni kwamba istilahi hukomaa darasani na juu ya karatasi, si katika orodha inayofungiwa kabatini.

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekuwa mwalimu ataulizwa siku moja na mtoto, "Mwalimu, grafu ni nini?" Asimwambie kwamba hilo ni la mwalimu mwingine. Achukue chaki, achore mihimili miwili, aanzie kwenye asili.